Njano ya Ukutani na Afya ya Watoto



Kila Ramadhani inapokaribia, watu hapa Kampala hukumbuka kuta zao. Siku hizi familia nyingi huchagua njano, si ile kali ya mabango bali iliyofifia, mfano wa siagi. Sisi tunaunga mkono. Nyeupe inapendeza msikitini, lakini nyumbani kwenye watoto, katika mji wenye udongo mwekundu kama huu wetu, haifiki Idi. Njano hafifu huvumilia vumbi, na umeme ukikatika taa moja ndogo hutosha kukiangaza chumba. Mama anayeshinda humo kutwa ana haki ya kuta zisizomchosha macho. Wala tusiambiwe kuwa hiyo ni rangi ya kike: katika Suratul Baqara, ng'ombe wa Bani Israil ametajwa kuwa wa njano, mwenye kuwapendeza watazamaji.

Kinachotutia wasiwasi ni namna njano hiyo inavyopatikana. Fundi humwambia baba: nunua nyeupe tu, kisha kikopo kimoja cha njano kali, nitachanganya mwenyewe, utaokoa pesa. Tena wenye nyumba, hasa wa vile vyumba vya kupanga tunavyoviita mizigo, hupenda nusu ya chini ya ukuta ipakwe rangi ya mafuta ili ifutike kwa kitambaa. Sasa, njano kali ya rangi za mafuta imetengenezwa kwa miaka mingi duniani kwa kromati ya risasi, na wapo watengenezaji ambao hawajaiacha. (Ni madini ya risasi, yaleyale yaliyoipa risasi ya bunduki jina lake.) Na nusu ya chini ya ukuta ni kimo cha nani kama si cha mtoto anayetambaa, anayegusa kila kitu kisha akatia vidole mdomoni?

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile ambacho mtu mzima hufyonza akimeza kiasi kilekile. Sumu hii hudhuru ubongo, na mtoto huweza kuwa mzito wa kujifunza bila homa wala kidonda cha kumwonyesha daktari. Kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Tunahangaika kutafuta karo na walimu wa madrasa, kisha tunampunguzia mtoto akili kwa ukuta!

Jambo lenyewe si geni. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba dhidi ya rangi nyeupe ya risasi mwaka 1921, na Marekani iliipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Petroli yenye risasi nayo iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Kwa rangi, Umoja wa Mataifa unapendekeza risasi isizidi sehemu 90 katika milioni.

Kwa hiyo, akina baba, nunueni rangi ya maji iliyokwisha kutiwa njano dukani, katika kopo lililofungwa, lenye jina la mtengenezaji na alama ya UNBS. Mwulizeni muuzaji waziwazi kuhusu risasi. Akicheka, nendeni duka la pili. Mwenye nyumba aking'ang'ania rangi ya mafuta chini, mwombeni muinunue ninyi wenyewe. Wengi hukubali wakiona hawatoi shilingi.

Kazi ya kukwangua rangi ya zamani ndiyo ya hatari zaidi, nayo mara nyingi hufanywa watoto wakiwa hapohapo, wengine wakimsaidia fundi kwa furaha. Wapelekeni kwa shangazi siku hiyo, na mjamzito pia asikae humo. Ukuta ulowanishwe kwanza, usipigwe msasa mkavu wala usichomwe kwa moto. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi, kwani ufagio hulirusha tu hewani, na kapeti na miswala itolewe nje kabla kazi haijaanza.

Na ile ndoo ya rangi ikiisha, isisuguliwe ikawa ya maji ya kunywa au ya udhu.