Majini Wasiozungumzishwa

Kuna kauli mbili zinazopingana kwa sura lakini zimezaliwa na mama mmoja. Ya kwanza ni ya msomi: michezo ya video ni mambo ya watoto, haimhusu mhakiki wa fasihi. Ya pili ni ya mchezaji mwenyewe, akiulizwa juu ya kitu kilichomkera katika mchezo aupendao: ni mchezo tu. Wote wawili wanasema kwamba jambo hili halistahili hukumu. Kiswahili kimekuwa kikilipa gharama ya ukarimu huo tangu mwaka 2009.

Mwaka huo kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5, mojawapo ya michezo ya kutisha iliyouzwa sana duniani. Shujaa wake, Mmarekani Chris Redfield, anafika katika eneo la kubuni liitwalo Kijuju, ambalo mchezo unaliweka Afrika Magharibi. Wakazi wameambukizwa vimelea vinavyowapokonya akili. Wanamkimbilia wakiwa na mapanga na mashoka, naye anawapiga risasi kwa mamia. Jina lao ni Majini. Lugha wanayopiga nayo kelele, maelfu ya kilomita kutoka pwani ilikozaliwa, ni Kiswahili. Trela ya mchezo huo ilipoonyeshwa mwaka 2007 ulizuka ubishi mkali juu ya mzungu anayewaua weusi, na ubishi huo ulikuwa wa haki. Lakini ulikuwa zaidi wa rangi. Juu ya lugha wenye lugha walisema machache, kwa kuwa msomi hakuwapo na mchezaji alikwisha kusema kwamba ni mchezo tu.

Hata hivyo wapo wachezaji ambao kwao neno hilo "tu" halisemeki. Achukuliwe mmoja kama mfano wa wengi, kijana wa Mirdif. Huo ni mtaa wa makazi wa Dubai ulio kando ya uwanja wa ndege, wa nyumba za kuta ndefu na ndege zinazopita juu ya mapaa. Dubai ina familia ambazo nasaba zao zimepitia Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu. Baadhi zilihama baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine zimefuata kazi miaka ya karibuni. Kijana wa familia kama hiyo huishi katika lugha tatu. Kiarabu ni cha msikitini na cha jirani, Kiingereza ni cha shule na cha skrini, na Kiswahili ni cha nyumbani, hasa cha bibi. Akishika padi na kuingia Kijuju, anakutana na jambo ambalo watengenezaji hawakulitarajia: anawaelewa maadui. Wakati Mjapani na Mmarekani wanasikia mngurumo, yeye anasikia maneno, na maneno hayo ni ya sebuleni kwao.

Hapo ndipo mchezo unapoanguka, na unaanguka kwa kipimo chake wenyewe. Hofu ya michezo ya kutisha hulelewa na kisichojulikana. Silent Hill 2, iliyotoka mwaka 2001, inatisha hadi leo kwa kuwa mazimwi yake yametoka katika dhamiri ya mhusika mkuu, mwanamume aliyepata barua kutoka kwa mkewe aliyekwisha kufa. Kila kinachomjia gizani kina maana ambayo hathubutu kuitamka. Resident Evil 5 haina giza la namna hiyo. Sehemu kubwa ya mwanzo wake ni jua kali, na shujaa ana mwenzake wa kumlinda mgongo. Katika nafasi ya giza imewekwa lugha ngeni. Mchezo unadhani kwamba Kiswahili ni usiku. Kwa anayekijua kumekucha, na kinachobaki ni watu wa vijijini wanaouawa huku wakisema maneno yanayofahamika.

Atakuja mtetezi na kusema kwamba Resident Evil 4, ya mwaka 2005, iliwafanyia Wahispania vivyo hivyo: wanakijiji wake wa Hispania wanapiga kelele kwa Kihispania, tena chenye lafudhi ya Amerika ya Kilatini. Ni kweli. Lakini kijana wa Madrid akizima mchezo huo anaweza kuwasha mwingine ambamo shujaa, mfalme, mwizi mcheshi na mtoto anayelia wote wanazungumza Kihispania. Zimwi moja kati ya sauti mia ni zimwi. Zimwi ambalo ndilo karibu sauti pekee linageuka kuwa uso wa lugha nzima. Mfano wa karibu zaidi uko upande wa pili wa ukuta pale Mirdif. Mwaka 2023 Ubisoft ilitoa Assassin's Creed Mirage, mchezo wa mapambano uliojengwa juu ya Baghdad ya karne ya tisa, ukiwa na sauti kamili za Kiarabu. Jirani Mwarabu aliweza kupita sokoni na maktabani akiwa Basim, shujaa anayewaza, kutania na kuhuzunika kwa Kiarabu. Kijana wa Kiswahili alinunua mchezo huohuo kwa bei ileile.

Kosa la Kijuju lina mzizi mwingine ambao mhakiki wa Kiswahili peke yake angeweza kuufukua. Walioazima neno "majini" waliazima jina wakaacha mila. Katika uganga wa pwani, jini ni kiumbe wa mazungumzo. Akimpanda mtu, kwanza huulizwa jina lake, kisha anakotoka, kisha anachotaka. Ana kabila na dini, ana chakula na marashi ayapendayo, ana kinyongo na ana kiburi. Hubembelezwa, huahidiwa, hukaripiwa. Mwisho hufikiwa mapatano. Mtu anaweza kuamini hayo au kuyakataa, lakini hawezi kukana kwamba ni mila inayoiona hofu kuwa kiumbe wa kuzungumzishwa. Mchezo ule umewaita viumbe wake Majini, ukawapa lugha ambayo majini wa kweli wa hadithi huulizwa kwayo, kisha ukafunga kila mlango wa swali. Kilichoachwa wazi ni mtutu wa bunduki.

Ni hasara ya kisanaa, kwa sababu iko jamii ya michezo iliyojengwa juu ya maswali hayo. Michezo ya mapambano inaweza kuishi na maneno machache. Mkono na jicho vinatosha. Ya kutisha hutumia ukimya. Ile ambayo mchezaji huvaa uhusika, akachagua la kusema na kubeba matokeo yake, haiwezi kusimama bila lugha. Disco Elysium, ya mwaka 2019, ina takriban maneno milioni moja. Vita vyake karibu vyote hupiganwa kwa ulimi, na hata viungo vya tabia ya mpelelezi, kama vile woga, mantiki na majivuno, huzozana naye kichwani. Msomi wa tamthilia anayepita mbele ya kazi kama hiyo akasema ni mambo ya watoto ameipita bila kuisoma.

Kuna wanaojifariji kwa "Baba Yetu". Wimbo huo wa Christopher Tin, wenye maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ulitungwa kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Ni wimbo mzuri, na mwana wa Mirdif ana haki ya kuujivunia. Lakini na auangalie mahali ulipowekwa. Husikika kwenye ukurasa wa kufungulia, kabla ya mchezo kuanza. Mchezaji akibonyeza kitufe na historia ya dunia ikaanza kujengwa, Kiswahili kinabaki mlangoni. Kwaya na mngurumo, sala na laana: katika hali zote mbili lugha imekaribishwa kama sauti, na maana yake haijaulizwa.

Njia nyingine ilionekana Aprili 2024. Tales of Kenzera: ZAU ya studio ya Surgent, inayoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Ni hadithi ya mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili arudishiwe baba yake. Salim ameeleza wazi kwamba imetokana na msiba wa baba yake mwenyewe. Hapa Kiswahili kinaomboleza, kinaghadhibika, kinasihi. Kifo chenyewe huzungumzishwa. Inawezekana kulalamika kwamba mapambano yake ni mepesi na njia zake zimenyooka mno, na malalamiko hayo yana ukweli; kazi ya sanaa hukosolewa, haibembelezwi kwa kuwa ni ya ndugu. Lakini ukosoaji huo ulipaswa kuandikwa kwa Kiswahili, katika majarida ya Kiswahili, na haukuonekana kwa wingi unaostahili. Miezi michache baadaye studio ilipunguza wafanyakazi. Wapenzi wa lugha walioshangilia "Baba Yetu" kwa miaka mingi walikuwa wapi?

Jibu la kawaida ni kwamba soko ni dogo. UNESCO inawataja wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Wasemaji wa Kipolandi hawafiki robo ya hao wakaongeza chembe. Mwaka 1999 kampuni ya CD Projekt ya Poland, iliyokuwa ikiuza michezo ya wengine, iliutafsiri Baldur's Gate, mchezo mkubwa wa uhusika, kwa Kipolandi, na kuwakodi waigizaji mashuhuri wautie sauti. Wanunuzi wakaja. Kampuni hiyohiyo ilitoa The Witcher 3 mwaka 2015, kutokana na vitabu vya mwandishi wao Andrzej Sapkowski na mazimwi ya hadithi za bibi zao, na dunia nzima ikaucheza. Tafsiri ilitangulia, utunzi ukafuata. Mswahili hahitaji kufundishwa jambo hilo na Poland. Nyerere aliichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 akijua kwamba lugha hukua kwa kubeba mizigo ambayo watu walidhani haiwezi kuibeba.

Ni kweli kwamba wengi wa hao milioni 200 hawawezi kununua mchezo wa bei ya Dubai. Basi mwenye uwezo ndiye mwenye wajibu. Wanadiaspora wa Mirdif, London na Toronto wanalipa bei kamili kwa kila mchezo, na hawadai chochote.

Wahakiki nao wana historia ya kukumbuka. Riwaya za upelelezi na mapenzi zilidharauliwa kama vitabu vya mitaani. Leo zinaitwa fasihi pendwa na zinasomwa vyuoni. Kilichobadilika ni macho ya wasomaji. Hakuna haja ya kusubiri miaka mingine ishirini ili michezo nayo ipewe jina la heshima.

Wala mali haijapungua. Auchukue yeyote utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Mfungwa anapelekewa tupa ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi wameudharau, naye anakata minyororo huku ngoma ikihanikiza: huo ni mchezo wa mapambano. Jitu lisiloshindika lina mahali pamoja tu pa kudhurika, kitovuni, kwa sindano ya shaba, na siri hiyo inajulikana na mwanawe aliyerubuniwa na adui: huo ni uhusika, na uchaguzi wake hakuna mchezaji atakayeufanya kwa mkono mwepesi. Kisha shujaa aliyechomwa anapiga magoti karibu na kisima, upinde mkononi, mfu. Na mji mzima unakaa na kiu siku kadhaa kwa kuwa hakuna anayethubutu kusogea kuhakikisha. Hiyo ndiyo hofu ambayo Kijuju iliitafuta kwa mapanga na mayowe isiipate. Mama yake analetwa amsihi, azungumze na mwili usiojibu.

Siku mchezo huo utakapotengenezwa, mwana wa Mirdif atakuwa na haki ya kusema kwamba ni mbaya, kwamba padi haitii, kwamba adui mkuu ni mwepesi. Na aseme, kwa Kiswahili, na kwa sauti ya kusikika. Mpaka siku hiyo, kila asemaye "ni mchezo tu" anawaachia wengine waamue lugha yake ifanane na nini gizani.