Umaarufu wa simba wa Mara haukumfaa mfugaji

KIPINDI cha televisheni cha Big Cat Diary, kilichoanza kuonyeshwa na shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, mnamo 1996, kiliitangaza Maasai Mara kwa kiwango ambacho bajeti ya utalii ya Kenya isingemudu kukilipia. Mamilioni ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Narok waliwajua simba, chui na duma wa hifadhi hiyo kwa majina.

Hata hivyo, historia ya kipindi hicho, pamoja na masaibu yaliyowapata simba wake baadaye, inathibitisha kwamba umaarufu pekee si ngao.

Siri ya mafanikio yake ilikuwa mtindo wake. Filamu nyingi za awali zilimweleza simba kwa jumla: anavyowinda, anavyozaa na anavyolea. Big Cat Diary ilimfuata mnyama mmoja siku baada ya siku, kama mtu anavyofuatilia habari za jirani. Watangazaji Jonathan Scott na Simon King walizunguka kwa magari wakiwasaka wahusika wao, na baadaye wakajiunga na Saba Douglas-Hamilton, mzaliwa wa Kenya.

Hivyo ndivyo watazamaji walivyomzoea chui jike Half-Tail na binti yake Zawadi, pamoja na duma Kike, aliyependa kurukia paa la gari la Scott. Walioteka nyoyo zaidi ni simba wa kinamasi cha Musiara, maarufu kama Marsh Pride. Scott alikuwa amewafuatilia tangu miaka ya sabini, na mnamo 1982 yeye na mwandishi Brian Jackman walichapisha kitabu kuwahusu.

Mnamo 2003 kipindi kilibadilishwa kikawa Big Cat Week, kikionyeshwa usiku baada ya usiku kwa wiki moja. Mnamo 2008 kikaja Big Cat Live, kilichorushwa moja kwa moja kutoka Mara. Kwa Kenya, matangazo hayo yalikuja wakati mwafaka, kwani ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimewafukuza watalii.

Ni katika awamu hiyo ambapo Jackson Looseyia, mwongozaji watalii wa jamii ya Wamaasai, alijiunga na kikosi cha watangazaji. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu kipindi kianze. Muda mwingi kabla ya hapo, mtazamaji aliona nyasi, mto na wanyama, lakini ni nadra alipoona boma, ng'ombe au mwenye ng'ombe. Picha aliyobaki nayo ni ya nyika isiyo na watu.

Hali halisi ni tofauti. Hifadhi ya Maasai Mara ina ukubwa wa takriban kilomita 1,510 mraba na haina ua. Simba hajui mpaka wa hifadhi unapoishia na shamba la mtu linapoanzia. Nje ya mpaka huo, ranchi za jamii ziligawanywa, kila mwanachama akapewa hati yake, na nyua zikachipuka palipokuwa mapito ya wanyama. Utafiti uliochapishwa mnamo 2016 ulionyesha kuwa idadi ya wanyamapori katika maeneo ya malisho nchini ilipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977, huku mbuzi na kondoo wakiongezeka.

Mgongano huo ulidhihirika Desemba 2015. Baada ya simba kuua ng'ombe, mzoga ulitiwa sumu ya kuulia wadudu na simba wa Marsh Pride wakaula. Miongoni mwa waliokufa ni Bibi, simba jike wa umri wa miaka 17 aliyejulikana na watazamaji wa Big Cat Diary. Habari hizo zilizua kilio kote duniani. Mnamo 2022 BBC yenyewe ilitoa filamu kuhusu kuinuka na kuanguka kwa kundi hilo, na safari hii ugomvi wa binadamu na simba haukufichwa.

Kutia sumu ni uhalifu, tena hatari kwa tai, fisi na hata watu. Lakini wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa aliyeketi sebuleni ng'ambo, Bibi alikuwa mhusika mpendwa. Kwa mfugaji, ng'ombe aliyeliwa ni karo ya mtoto. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliahidi fidia kwa mifugo inayouawa, ila madai yamekuwa yakirundikana kwa miaka mingi.

Suluhisho lililoonyesha matumaini ni hifadhi za kijamii zinazopakana na Mara, kama vile Olare Orok iliyoanzishwa 2006. Humo wenye ardhi huikodisha kwa kampuni za utalii na kulipwa kila mwezi, mtalii aje asije. Kwa mpango huo simba anakuwa na thamani kwa anayeishi naye. Hata hivyo, janga la Covid-19 lilipofunga anga mnamo 2020, malipo katika baadhi ya hifadhi hizo yalipunguzwa, ishara kwamba mfumo unaotegemea mgeni pekee una nyufa zake.

Sensa ya kitaifa ya 2021 ilihesabu simba 2,589 pekee nchini. Idadi hiyo haitalindwa na kamera. Wanaotengeneza vipindi Mara wamepata hadithi nzuri kwa miongo kadhaa. Wanaoilea hadithi hiyo kwa malisho na mifugo yao wanastahili kuonekana ndani yake, na kupata mgao wao ng'ombe anapoliwa usiku.