*TAMKO LA TAWI: NESI ASIBEBESHWE KOSA LA BOHARI*

Ndugu wanachama,

Tunasikia tena hoja ya kulipa madaktari na manesi bonasi kwa idadi ya huduma. Hatupingi. Anayekesha leba asilinganishwe na anayefunga dirisha saa sita mchana. Swali letu: kinapimwa nini?

Mkoa wa Pwani ulianza malipo kwa ufanisi 2011. Waliojifungulia vituoni waliongezeka, hilo tusilibishie. Lakini mizunguko ya mwanzo, bonasi nono zilikwenda kwenye vituo vilivyokuwa na dawa na vifaa tangu awali. Mwenye nacho akaongezewa! (Baadaye pengo lilipungua, sawa.) Zahanati isiyo na dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito itapataje alama? Nesi aitoe mfukoni?

Tunataka halmashauri ipimwe kwanza: dawa zimefika lini, maji yapo, watumishi wangapi. Ndipo apimwe mganga, na mgonjwa aulizwe alivyopokelewa. Alama zibandikwe ukutani, zisifungiwe kabatini.

Jumamosi saa 10 jioni tukutane ofisi ya tawi, tuandike hoja ya kumkabidhi diwani. Wajumbe wa kamati za zahanati msikose.

_Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi_