Mama Mzazi Hakosi Kifaa, Anakosa Mtu

Imani hii inaingia Lipangalala, katika bonde la Kilombero, kwa njia ya simu: kwamba wenye kichanga hawalali kwa sababu bado hawana vifaa. Tunaonyeshwa kamera juu ya kitanda, soksi inayopima mapigo ya moyo wa mtoto, kitanda kinachosikia kilio kikambembeleza chenyewe. Basi kijana aliyetoka kuuza mpunga anaulizia bei ya kamera ya kuunganisha na simu, akiamini anamnunulia mkewe usingizi.

Hamnunulii. Kichanga huamka kwa sababu tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi. Hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Mwili wake haujajua hata usiku ni upi. Huanza kujifunza akikaribia miezi mitatu. Hiyo si hitilafu ya kutafutiwa fundi. Kamera itamwambia mama kwamba mtoto analia, na masikio yake yamekwisha kumwambia, tena wamelala kitanda kimoja.

Huko vifaa vinakotoka mambo hayajanyooka. Kitanda cha SNOO, kilichoingia sokoni Marekani mwaka 2016, huuzwa kwa zaidi ya dola 1,500, na hakinyonyeshi. Oktoba 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliionya kampuni ya Owlet kwa kuuza soksi yake bila kibali. Kibali kilikuja mwaka 2023. Madaktari wa watoto wa hukohuko waliwaambia wazazi mwaka 2022 wasitegemee vipimo vya nyumbani kuzuia vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Kwa mama mwenye wasiwasi, king'ora cha kifaa kinacholia bure ni sababu nyingine ya kukesha.

Asiniambie mtu naogopa teknolojia. Bonde hili liliipima teknolojia ya kitandani kabla ya wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa KINET ulisambaza Kilombero na Ulanga vyandarua vilivyotiwa dawa, vikiitwa Zuia Mbu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne uliongezeka kwa asilimia 27. Chandarua kilimlenga adui wa kweli, mbu. Hakikujaribu kumzuia mtoto asiwe mtoto, na hakiulizi luku wala bando.

Kinachomnyima usingizi mama wa Lipangalala ni upweke wa saa nane usiku. Bibi wa mtoto akiwepo, usiku hugawanyika: huyu ananyonyesha, yule anamcheulisha mtoto na kumbadilisha nepi. Bibi akirudi kuwahi palizi ya mpunga, yote yanamwangukia mmoja. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 ilimpa baba aliyeajiriwa siku 3 tu za likizo; mkulima na dereva wa bodaboda hawana hata hizo. Kisha wanaume wengi wanahamia chumba cha pili, eti kesho wana kazi, kana kwamba mama kesho amepumzishwa.

Baba, mtoto akimaliza kunyonya, mpokee. Mcheulishe, mbadilishe, mlaze chali ndani ya chandarua. Fedha ya kamera iwe nauli ya mdogo wa mkeo, aje akae mwezi mzima. Asubuhi chota maji wewe, koroga uji wewe, mama alale mpaka saa tatu.