Vibali vya maegesho vyuoni Kenya na Uganda: Mvutano wa nafasi, fedha na haki

Stika ndogo inayobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari huonekana kuwa jambo dogo katika maisha ya chuo kikuu. Hata hivyo, katika vyuo vikuu vya umma vya Kenya na Uganda, stika hiyo imebeba maswali mazito: nani ana haki ya kutumia ardhi ya umma, usalama wa wanafunzi unalindwaje langoni, na fedha zinazotozwa wenye magari zinakwenda wapi.

Kwa ujumla kanuni za maegesho zinafanana karibu kila mahali. Wafanyakazi hupewa vibali, wanafunzi wenye magari huomba vya kwao, wageni huandikishwa langoni, na baadhi ya nafasi hutengwa kwa viongozi wa chuo. Anayekiuka kanuni hutozwa faini, gurudumu la gari lake hufungwa kwa chuma, au gari lenyewe huvutwa na kupelekwa kwingine. Lakini kanuni hizo, hata zikiandikwa kwa ustadi wa namna gani, haziongezi nafasi hata moja. Kazi yake ni kugawa uhaba, na mwenye kugawa uhaba hudaiwa maelezo ya jinsi alivyougawa.

Kampasi zilizopangwa kwa watu wachache

Ili kuelewa chanzo cha msongamano huo, ni lazima kurudi nyuma. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi juu ya kilima kimojawapo cha Kampala. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikua kutokana na chuo cha ufundi kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Pamoja na Dar es Salaam, taasisi hizo zilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki hadi mwaka 1970, kila kimoja kilipojitegemea. Wakati huo mwanafunzi wa kawaida alilala bwenini, alikula katika bwalo la chuo na alikwenda darasani kwa miguu. Mwenye gari alikuwa mhadhiri au mkuu wa idara, na mbele ya jengo palitosha.

Mabadiliko makubwa hayakuletwa na magari yenyewe, bali na sera ya elimu. Katika miaka ya 1990, Makerere ilifungua milango kwa wanafunzi wanaojilipia karo, na idadi ya wanafunzi wake baadaye ikapita 30,000. Nairobi ilifuata mwaka 1998 kwa kuanzisha programu sambamba, iliyowapokea watu ambao hawakupata ufadhili wa serikali. Wengi miongoni mwa wanafunzi hao wapya walikuwa wafanyakazi wa ofisini, wafanyabiashara na watumishi wa umma waliohudhuria masomo ya jioni baada ya kazi.

Hapo ndipo sura ya maegesho ilipobadilika. Mwanafunzi wa jioni hatoki bwenini. Anatoka kazini, mara nyingi kwa gari, na anafika wakati ambapo mhadhiri wa mchana bado hajaondoka. Chuo kilipokea karo yake kwa furaha, lakini madarasa, vyoo na viwanja vya kuegesha havikuongezeka kwa kasi ileile. Nyasi, kingo za barabara na njia za waenda kwa miguu zikageuka maegesho yasiyo rasmi.

Jiji linapogonga lango la chuo

Mahali chuo kilipo nako kuna uzito wake. Kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi inapakana na katikati ya jiji, na kutoka hapo hadi kwenye mabenki, mahakama na wizara ni mwendo mfupi wa miguu. Chini ya gavana wa kwanza wa kaunti ya Nairobi, Evans Kidero, ada ya siku nzima ya kuegesha gari dogo katikati ya jiji ilipandishwa kutoka shilingi 140 za Kenya hadi 300, hatua iliyopingwa vikali na wenye magari. Ada ya barabarani inapopanda, kila uwanja wa bure ulio karibu huvutia watu wasiohusika nao. Chuo kisichodhibiti lango lake hugeuka maegesho ya bei nafuu ya jiji zima.

Makerere inakabiliwa na hali inayofanana, kwa kuwa chini ya kilima chake kuna Wandegeya, mojawapo ya maeneo ya Kampala yenye biashara nyingi na msongamano mkubwa wa magari na bodaboda. Kwa sababu hiyo, hoja ya wasimamizi wa vyuo kwamba kibali ni cha lazima ina msingi. Bila kibali, mhadhiri anaweza kukosa nafasi kwa sababu ya mtu aliyekuja mjini kununua viatu.

Swali gumu zaidi ni idadi ya vibali vinavyotolewa. Tuchukue mfano wa chuo chenye nafasi 400 kinachotoa vibali 600. Uamuzi huo si lazima uwe udanganyifu, kwa sababu si watu wote wanaofika siku moja na saa moja. Lakini mwenye kibali hapaswi kuaminishwa kwamba amenunua nafasi. Alichopata ni ruhusa ya kuitafuta. Pale ambapo chuo hakitangazi idadi ya nafasi wala idadi ya vibali, hakuna awezaye kujua kama anayechelewa darasani amechelewa kwa uzembe wake au kwa hesabu za ofisi iliyompa stika.

Kivuli cha Garissa

Nchini Kenya, mjadala wa lango la chuo hauwezi kutenganishwa na Aprili 2, 2015. Siku hiyo washambuliaji wa al-Shabaab waliwapiga risasi walinzi wa lango la Chuo Kikuu cha Garissa, wakaingia mabwenini na kuua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi. Uganda nayo ina kumbukumbu yake: mashambulizi ya mabomu mjini Kampala Julai 11, 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Baada ya matukio ya aina hiyo, ukaguzi wa magari, vioo vya kuangalia chini ya gari na maswali ya mlinzi vimekuwa jambo la kawaida kwenye majengo ya umma ya nchi hizo mbili.

Katika mazingira hayo, stika hupewa kazi ya pili: kumtambulisha mwenye gari. Kazi hiyo inaizidi nguvu. Stika inasema gari lilisajiliwa, haisemi nani analiendesha leo wala amebeba nini. Gari likiuzwa bila stika kubanduliwa, mnunuzi hurithi heshima ya langoni asiyostahili. Kibaya zaidi, mlinzi aliyezoea kufungua kizuizi kila aonapo stika anaweza kumkagua kwa makini mwanafunzi anayeingia kwa miguu na mkoba wake, huku gari zima likipita bila kusimama. Kanuni inayochanganya ruhusa ya kuegesha na ukaguzi wa usalama hudhoofisha vyote viwili.

Usalama una upande mwingine unaosahaulika kwa urahisi. Usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020, moto uliteketeza Jengo Kuu la kihistoria la Makerere, ambalo lilifunguliwa upya baada ya ukarabati mwezi Oktoba 2024. Tukio hilo linakumbusha kwamba njia za ndani ya chuo ni njia za magari ya zimamoto na ya wagonjwa kabla ya kuwa za mtu mwingine yeyote. Gari lililoegeshwa kwenye kona huonekana halina madhara mpaka usiku ule mmoja linapokuwa kizuizi.

Ada au chanzo cha mapato?

Hali ya kifedha ya vyuo vya umma inaongeza shaka kuhusu lengo la ada za maegesho. Kenya ilipobana udanganyifu katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, KCSE, mwaka 2016, idadi ya watahiniwa waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo sifa ya kuingia chuo kikuu, ilishuka hadi 88,929, kutoka zaidi ya 160,000 mwaka uliotangulia. Karibu wote waliofuzu waliweza kupangiwa nafasi kwa utaratibu wa serikali, na programu sambamba zikapoteza wateja. Vyuo vilivyokuwa vimezoea fedha hizo vikabaki na madeni na mishahara ya kulipa.

Katika hali kama hiyo, kila mlango wa mapato huvutia, na uwanja wa maegesho ni mlango mwepesi. Malipo kwa simu yamerahisisha ukusanyaji, na wenye magari hudhaniwa kuwa na uwezo. Kutoza ada si kosa. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki dunia mwaka 2025, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma kuonyesha kwamba maegesho ya bure hayapo: gharama yake hulipwa na kila mtu, hata asiye na gari. Mji wa Nottingham nchini Uingereza uliigeuza hoja ya aina hiyo kuwa sera mwaka 2012, ulipoanza kuwatoza waajiri kwa nafasi za maegesho ya wafanyakazi na kuelekeza mapato katika usafiri wa umma, ikiwamo tramu.

Tofauti iko hapo. Ada inayojenga njia ya miguu, taa za usiku au basi la wanafunzi inaweza kutetewa mbele ya anayeilipa. Ada inayotumbukia katika mfuko wa jumla wa chuo ni kodi, na kodi isiyoelezwa huzaa ukwepaji.

Wengi hawana gari

Takwimu za usafiri mjini Nairobi zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 40 ya safari hufanywa kwa miguu. Kaunti hiyo ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015. Ndani ya vyuo, ambako vijana ndio wengi, ni vigumu kuamini kwamba wenye magari wanakaribia hata kidogo idadi ya watembea kwa miguu. Hata hivyo ramani za kampasi nyingi huanza na gari: jengo jipya linaposimama, bustani inayolizunguka huwekwa lami, na mwenye miguu hubakiwa na ukingo wa mtaro.

Kuna kundi jingine ambalo kwake nafasi karibu na mlango si starehe. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma kwa namna inayofaa, na Uganda ilitunga sheria mpya ya watu wenye ulemavu mwaka 2020. Nafasi iliyochorwa alama ya kiti cha magurudumu, kisha ikakaliwa na gari la mkubwa fulani, haihesabiki kuwa kosa la maegesho tu. Ni haki ya kikatiba iliyozibwa, na mlinzi anayeogopa kumwondoa mkubwa huyo hawezi kulaumiwa peke yake.

Nani humsikiliza aliyeadhibiwa?

Kipengele cha mwisho ni adhabu. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya, pamoja na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015, inataka maamuzi ya vyombo vya umma yawe ya haki na yatolewe sababu. Chuo kikuu cha umma hakijitengi na wajibu huo kwa kuwa suala ni gurudumu. Mtu aliyetozwa faini anastahili kujua kanuni aliyovunja, mahali ilipotangazwa na ofisi ya kukata rufaa. Suala hilo huwa zito zaidi kwa mwanafunzi, ambaye kwa kawaida hawezi kuhitimu kabla ya kuthibitishiwa kwamba hadaiwi chochote. Deni la maegesho linaloweza kuchelewesha shahada halipaswi kuamuliwa na mtu mmoja langoni.

Kamera zinazosoma namba za magari zinapochukua nafasi ya stika, wajibu mwingine huzaliwa. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Kumbukumbu za saa ambazo mhadhiri aliingia na kutoka ni taarifa binafsi, na chuo kinapaswa kueleza zinatunzwa kwa muda gani na nani anaziona.

Funzo kwa Tanzania

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina eneo kubwa zaidi la kupumulia pale Mlimani, lakini jiji limekwisha kukizunguka, na kituo cha biashara cha Mlimani City kiko ubavuni mwake. Kinayo faida moja: malipo ya taasisi za umma nchini hupitia namba za kumbukumbu za mfumo wa serikali, hivyo fedha zinazokusanywa zinaweza kufuatiliwa kirahisi kuliko zinazopokewa mkononi.

Uzoefu wa majirani unaonyesha kwamba ugomvi haukuanza siku kibali kilipowekwa. Ulianza pale kilipowekwa bila hesabu ya nafasi, bila maelezo ya fedha, na bila mahali pa kulalamika. Kabla ya kununua vizuizi na kamera, chuo chochote katika ukanda huu kinaweza kufanya jambo lisilo na gharama kubwa: kuhesabu nafasi zake, kuhesabu watu wanaoingia kwa miguu na kwa magari, na kubandika hesabu hizo kwenye ubao wa matangazo. Hapo ndipo mjadala wa nani apewe stika utakapokuwa na msingi.