Tununue au Tushone? Funzo la Machela Mbili

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mjukuu mwenyewe ni mimi, na majuto yangu yalikuja saa tano usiku, msituni, nikiwa chali juu ya mzizi wa mti huku mvua ikininyea usoni. Nitakusimulia kisa hicho, ndugu msomaji, lakini sikushika kalamu ili unicheke. Nimeandika kwa sababu kuna jambo linalotukabili hapa shuleni, na ni sharti tuliamue kabla ya muhula kwisha.

Wenzangu katika kikundi cha skauti wanalijua. Tuliuza miche, tukaosha magari ya wageni siku ya wazazi, na sasa tuna pesa kidogo za kununulia vifaa vya kambi. Mahema yetu yamezeeka, mengine yanavuja kama chujio. Wengi wanataka pesa zote zipelekwe Nairobi zikanunue machela mpya kumi na mbili, zile zinazouzwa zikiwa zimekunjwa ndani ya kifuko kidogo. Wengine wanasema ati tushone kila kitu wenyewe, tusitoe hata ndururu. Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na ushahidi ninao mgongoni.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wengi wetu tukisikia machela hufikiria kitanda cha kubebea wagonjwa. Machela ninayoizungumzia hapa ni kitanda cha kitambaa au wavu kinachofungwa baina ya miti miwili. Si uvumbuzi wa wazungu. Wenyeji wa visiwa vya Karibi walikuwa wakilalia vitanda hivyo kabla Christopher Columbus hajafika kwao mwaka wa 1492. Mabaharia wa Ulaya walipoviona walivipenda, na kwa karne nyingi wanamaji wa Uingereza walilala humo melini. Huko Yucatan, nchini Meksiko, watu walizisuka kwa nyuzi za mimea ya jamii ya katani. Katani yenyewe ilipata jina lake la kizungu kutokana na bandari ya Sisal iliyoko huko huko. Mwaka wa 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, akaipeleka Tanga. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu! Kutokana na hiyo michache mashamba ya katani yakaenea Afrika Mashariki. Kwa hiyo nyuzi ambazo nyanya yangu husukia vyondo ni ndugu wa nyuzi za machela za kale. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka jana, kabla ya likizo ya Aprili, nilimlilia Nyanya anipe pesa za kununua machela. Nilikuwa nimeiona dukani, ya rangi ya samawati, inang'aa, na karatasi yake ilikuwa na picha ya kijana anayetabasamu akiwa amelala. Bei ilikuwa shilingi 4,500 pamoja na neti na turubai. Nyanya alinipa pesa za vyondo kumi. Alivisuka kwa miezi mingapi? Sikuuliza. Nilizihesabu, nikazitia mfukoni, huyooo, mbio dukani.

Tulipiga kambi upande wa kusini wa Mlima Kenya, katika mwinuko unaokaribia mita 2,000. Ilikuwa masika, na ardhi ilikuwa tope, mizizi na mteremko mtupu. Wenzangu walihangaika kutafuta mahali tambarare pa kusimamisha hema. Mimi nilichagua miti miwili, nikafunga kamba na kuivuta kwa nguvu zangu zote hata machela ikanyooka kama waya wa gitaa. Nilijiambia kwamba kitanda kizuri ni kilichonyooka. Nikapanda. Kamba ikalia "twaa!" nami nikajikuta chini. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Siku hiyo nilimlaani mwenye duka. Leo naona kosa tuligawana. Kamba zilikuwa dhaifu, ndiyo, lakini mimi nilizibebesha mzigo usio wangu. Mnakumbuka lile somo la nguvu katika Fizikia, ambalo wengi wetu hulisinzia? Chukua mtu wa kilo 60. Kamba zikiteremka kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30, kila kamba hubeba mvuto sawa na kilo 60. Ukizikaza hadi pembe ikawa nyuzi 10, kila kamba hubeba kama kilo 173. Ukizikaza zaidi hadi nyuzi 5, ni kilo 344! Mtu ni yule yule, mti ni ule ule, kamba ni ile ile, ila pembe imebadilika. Machela inatakiwa ilegee kama ndizi. Nawe usilale ukiifuata kwa urefu wake, lala mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili. Mgongo utanyooka wenyewe. Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi ya yule kijana anayetabasamu.

Mkuu wa kikundi aliniazima kamba nyingine, nikafunga upya. Nikadhani yamekwisha. Kumbe! Saa nane za usiku baridi ilinitafuna mgongo nusura nilie. Nilikuwa ndani ya mfuko mnene wa kulalia, lakini kinachokupasha joto katika mfuko ule ni hewa iliyonaswa ndani ya pamba yake. Ukiilalia, pamba inabanwa na hewa inatoka. Upepo ukapita chini yangu bila kizuizi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kukipacha nikitafuta magazeti ya kujitandikia. Dawa yake ni blanketi linaloning'inizwa chini ya machela, kwa nje, mahali ambapo uzito wako hauligandamizi. Alfajiri nikagundua la tatu: maji ya mvua yalikuwa yakitiririka kwenye kamba kutoka mtini hadi kitandani kwangu. Kijiuzi kidogo tu kilichofungwa kwenye kamba, chini ya turubai, kingetosha kuyaelekeza maji yadondoke chini kabla ya kunifikia. Kijiuzi cha bure!

Nilirudi nyumbani na ile kamba iliyokatika. Nyanya hakunigombeza. Aliishika, akaifumua kwa kidole gumba, akasema, "Mjukuu wangu, hii imesokotwa na mtu aliyekuwa na haraka." Kisha akaniuliza, "Ulipoinunua, uliipima kwa nini?"

"Kwa macho, Nyanya."

Akanyamaza. Wacha tu! Afadhali angenichapa.

Basi nikaapa kwamba nitashona yangu mwenyewe. Hapa ndipo nawaomba wale wa upande wa "tushone zote" wanisikilize, kwa maana nami nilivimba kichwa kama wao. Nilinunua shuka la pamba la mitumba kwa shilingi 500, nikaenda kwa fundi wa cherehani sokoni na kumwagiza apige mshono mnene kila upande ili nipitishe kamba. Akataka kunishauri, nikamwambia ninaharakisha. Nikamlipa 150. Shuka lile lilinibeba siku mbili. Siku ya tatu lilinyeshewa, likawa zito, na nilipokaa mshono ukafumuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara ya pili chini! Kwa bahati njema nilikuwa nimelifunga kwa kimo cha goti. Huo nao ni mwiko: usiifunge machela juu kuliko mahali unapokubali kuanguka kutoka.

Nilirudi kwa fundi nikiwa mpole kama njiwa.

"Fundi, shikamoo. Ule mshono umeachia."

"Marahaba, kijana. Nilijua utarudi," akasema, wala hakucheka. "Uzi haubebi mtu. Kitambaa ndicho kinachobeba. Kazi ya uzi ni kuzuia kingo zisichanike. Sasa keti, tuongee."

Niliketi kwa saa nzima. Alinichagulia kitambaa cha nailoni kilichofumwa kwa kubana, mita nne, shilingi 800. Tulikunja kingo tu. Nailoni haichukui maji mengi kama pamba. Zile ncha mbili hatukuzishona ili zibebe uzito. Tulizikusanya pamoja kama mdomo wa gunia, tukazifunga kwa kamba inayozidi kujikaza kadiri unavyoivuta. Fundo hilo nilionyeshwa na Nyanya, aliyenisokotea pia vijiuzi vya katani vya kudondoshea maji. Kamba ya kubebea hakuisokota. Alisema wazi kwamba katani ikinyeshewa na kukaa na unyevu huoza, na kwamba yeye husuka vyondo, si vitanda vya wajukuu. Kamba ya nailoni ilinigharimu 150. Badala ya kamba nyembamba za kuzungushia miti, nilinunua mikanda miwili mipana, ile ya kufungia mizigo kwenye malori, kwa shilingi 500. Kamba nyembamba hukata gome la mti, na mti uliokatwa gome huumia kama wewe ukifungwa waya mkononi. Fundi alitaka 200. Jumla ni shilingi 1,650.

Kabla sijapanda tuliweka ndani yake gunia la mahindi la kilo 90, likalala humo usiku kucha baina ya miparachichi miwili. Asubuhi lilikuwa limeteremka kidogo kwa sababu nailoni hunyumbuka, lakini hakuna kilichofumuka. Hata hivyo fundi alinionya: gunia halijirushi, mtu hujirusha. Ukikaa kwa kishindo, mzigo huongezeka ghafla. Ndiyo maana kamba na mikanda inafaa iwe na nguvu mara kadhaa kuliko uzito wako.

Sasa tufanye hesabu bila kudanganyana. Machela niliyonunua: 4,500. Machela niliyoshona, pamoja na ile ya shuka iliyonitupa: 2,300, bila neti wala turubai, kwa kuwa nilitumia zile za dukani, ambazo hadi leo ni nzima. Hivyo si kweli kwamba kushona ni bure, na si kweli kwamba cha dukani chote ni takataka. Tofauti kubwa sikuiona kwenye pesa. Ile ya kwanza ilipokatika sikujua ni kwa nini. Ya pili ikikatika leo nitajua palipokatika, sababu yake, na namna ya kuitengeneza huko huko msituni.

Kwa hivyo rai yangu kwa kikundi ni hii. Tununue vitu ambavyo mikono yetu haiwezi kuvifanya kwa usalama: mikanda, kamba za kubebea, turubai, na vyuma vya kuunganishia vilivyochapishwa uzito vinaoweza kubeba. Tusitumie vile vyuma vidogo vya kuning'inizia funguo, jamani! Neti nazo tununue. Nimesikia mmoja wetu akinong'ona kwamba nyumbani kuna neti za bure zilizotolewa na serikali, tuzikate tuzitumie. La, hasha! Neti zile ni kinga ya malaria kwa mama na watoto wachanga. Kambi ya siku tatu haistahili kumwacha mtoto bila neti mwaka mzima.

Tushone tunavyoviweza: machela zenyewe, mablanketi ya chini na vifuko vya kubebea. Wala tusishone kumi na mbili kwa mpigo. Tuanze na mbili, tuzipime kwa gunia, tulale humo hapa hapa uwanjani usiku mmoja wa baridi, turekebishe, ndipo tushone kumi zilizosalia. Mkono utakaoharibu kitambaa uwe umeharibu kimoja, si kumi na viwili. Kila atakayelala kwenye machela awe ameifunga yeye mwenyewe kwenye miti mibichi, minene, isiyo na tawi kavu juu yake. Mahema mawili mazima tuyatunze pia, kwa maana juu mlimani, miti inapokwisha, machela haina pa kufungwa.

Najua kuna watakaosema kwamba kikundi chetu kitachekwa na shule nyingine tukienda na vitu vya kushona. Wacheke. Baridi ya saa nane usiku haiulizi kitambaa kimetoka duka gani. Kinachonitisha mimi si kuchekwa, bali ni kuwapeleka wanafunzi wapya msituni wakiwa wamebeba vitu vinavyong'aa ambavyo hakuna hata mmoja wetu anayevielewa. Mimi nilianguka juu ya mzizi, nikainuka. Mwingine huenda akaangukia jiwe.

Pesa tulizo nazo si zetu peke yetu. Zimetoka kwa wazazi waliolipia kuoshwa magari yaliyokuwa safi, na kwa walimu walionunua miche wasiyo na shamba la kuipanda. Kila shilingi ina chondo chake na vidole vilivyokisuka. Tusizipime kwa macho.

Na ile machela ya shilingi 1,650? Ipo nyumbani, baina ya miparachichi miwili. Ila siku hizi nikienda likizo ni nadra kuilalia. Kila nikiitafuta mchana namkuta Nyanya ndani yake, amelala mshazari kama inavyotakiwa, na katani zake kifuani.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu