Mshale wa Joto Unatuhusu Sote



Jipe nyingi za mazutu zinatoka Kampemba zikikokota remoke nzito kwenye barabara ya Likasi. Mzigo ukizidi, joto la motere linazidi, hasa kwenye mlima na katika jua la Oktoba. Shofere atazame mshale wa joto kila mara. Bwata ya vitesi ya otomatiki nayo inapata moto, lakini motokari nyingi hazina mshale wake. Mkisikia harufu ya mafuta yanayoungua, simameni.

Wengine wanamhimiza shofere: "Enda tu, tutachelewa!" Mimi nasema ni kosa. Mshale ukipanda, apunguze mwendo. Usiposhuka, asimame, azime motere na kungoja.

Msifungue kizibo cha radiatere ingali moto. Hapa Lubumbashi, kwenye mita 1,200 hivi, maji ya sufuria huchemka kwa digrii 96. Ndani ya radiatere yamefungwa kwa nguvu, yanapita 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanakurukia usoni.

Aliyeungua mmwagieni maji safi ya baridi dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta, kisha mleteni dispansere. Kuchelewa kunasahaulika, macho yaliyoungua ni hasara ya jamaa nzima.